Kabla hujamchapa mwanao kwa kushindwa kusoma

Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Kayole, hapa Nairobi. Mwanawe wa kiume ana umri wa miaka 9 na yuko Gredi ya Tatu. Nyumbani, asema mama huyu, hakuna mtoto mchangamfu kumshinda. Hutumwa dukani anunue vitu sita na akarudi navyo vyote, pamoja na chenji kamili, bila ya kuandikiwa hata kimoja. Hadithi akiisikia redioni leo, kesho ataisimulia kwa watoto wa jirani kuanzia mwanzo hadi tamati. Lakini mpe kitabu! Mara aomba maji, mara tumbo lamuuma, mara penseli imepotea. Akibanwa asome, hutokwa na jasho na kukisia maneno kwa kutazama picha.

Ripoti ya muhula uliopita ilijaa maneno "chini ya matarajio", na mwalimu akaongeza kwa kalamu kwamba mtoto ni mzembe. Baba mtu amekwisha kutoa onyo. "Je, nimwache baba yake amchape, labda ataerevuka?" Ndivyo mama huyo alivyoimaliza barua yake.

Jibu langu fupi ni la, usimwache. Jibu refu ni hili lifuatalo, nami naomba univumilie, kwa maana jambo hili lilitukuta nyumbani kwetu kitambo kabla sijawa mwandishi.

Naam, wako watoto ambao macho yao ni mazima, masikio mazima, akili yao timamu na pengine kali kama wembe, lakini kusoma kukawashinda. Tatizo hili huitwa disleksia. Ni moja katika kundi la matatizo yanayojulikana kama ulemavu wa kujifunza, jina lililoenezwa na mtaalamu wa elimu wa Marekani, Samuel Kirk, mwaka wa 1963. Lina ndugu zake: mmoja hushambulia hesabu, mwingine huufanya mkono ushindwe kuandika kile ambacho kichwa kinakijua. Hao tutawaacha kando leo. Disleksia ndiyo ya kawaida zaidi, na nadhani ndiyo inayowapeleka watoto wengi zaidi chini ya kiboko.

Wataalamu wengi hukadiria kwamba kati ya watoto 100, watoto 5 hadi 10 wana tatizo hili kwa kiwango fulani. Chukua darasa la watoto 50, jambo ambalo si geni katika shule zetu za umma, kisha upige hesabu mwenyewe. Utapata watatu, wanne, pengine watano. Basi mwalimu yeyote ambaye amefundisha miaka kumi na anaapa hajapata kumwona mtoto wa aina hii, amewaona wengi, ila aliwapa jina jingine.

Wako wanaodai kwamba haya ni maradhi ya wazungu, au ni visingizio vya wazazi wa siku hizi wanaowadekeza watoto. Hebu nikupe kisa kimoja cha zamani. Mwaka wa 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, wa mji wa Seaford, aliandika katika jarida la British Medical Journal habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Kijana huyu alikuwa mwerevu, hodari wa michezo, asiyepungukiwa na wenzake kwa lolote isipokuwa kusoma. Tangu alipokuwa na miaka 7 alikuwa chini ya walimu, lakini maneno mafupi kabisa yalimtoa jasho. Hesabu za tarakimu alizimudu. Lakini alipoambiwa aandike jina lake mwenyewe, badala ya "Percy" aliandika "Precy", na hakuliona kosa hadi alipoonyeshwa zaidi ya mara moja. Mwalimu aliyemfundisha kwa miaka alisema kuwa lau masomo yote yangetolewa kwa mdomo, Percy angekuwa mwerevu kupita wote shuleni.

Soma tena barua ya yule mama wa Kayole. Si mtoto yule yule?

Sasa, ni nini hasa hutokea? Watu wengi hudhani kuwa mwenye disleksia huona herufi zikiwa zimepinduka. La hasha. Macho yake huiona "b" kama uionavyo wewe. Taabu imo katika kazi ambayo ubongo huifanya baada ya macho kumaliza yao, yaani kulichukua neno linalosikika, kulikatakata vipande vidogo vya sauti, na kukipachika kila kipande kwenye herufi yake. Picha za ubongo zilizopigwa kwa mitambo zimeonyesha kwamba sehemu fulani za upande wa kushoto, ambazo huhusika na kazi hiyo, hazichangamki kwa wenye disleksia kama zinavyochangamka kwa wasomaji wengine. Wewe na mimi tulipojifunza kusoma, sehemu hizo ziliizoea kazi mpaka tukasahau kuwa ni kazi. Mwenye disleksia huifanya upya kila neno, kama mtu anayepanda ngazi akiwa amebeba gunia.

Waliolelewa pwani wanaujua mchezo wa kusema kinyume, ambapo silabi ya mwisho hupelekwa mbele: kitabu huwa "bukita", chakula huwa "lachaku". Vijana wa Nairobi nao ndivyo walivyoipindua stori ikawa "risto". Mtoto wa kawaida wa miaka minane au tisa ukimfundisha mchezo huu, huudaka upesi na baada ya siku mbili atakuwa akikusengenya nao. Mwenye disleksia aghalabu hukwama. Hushindwa kulivunja neno masikioni mwake, hata kabla hajaonyeshwa herufi yoyote. Huu si mtihani wa daktari, wala usimpe mwanao jina la ugonjwa kwa sababu ya mchezo. Lakini nimeutaja ili uone kwamba tatizo liko masikioni mwa akili, haliko machoni wala haliko kwenye bidii.

Kiswahili chetu, ukikilinganisha na lugha nyingine, kina huruma. "A" ni "a" popote uikutapo. Ukizijua herufi na silabi, neno lolote utalisoma. Kiingereza hakina huruma hiyo. Tazama "though", "tough" na "through": mkia ni ule ule wa herufi nne, lakini sauti ni tatu mbalimbali. Ndiyo maana mtoto mwenye disleksia anaweza kujikokota katika Kiswahili, polepole kama kobe, lakini katika Kiingereza akazama kabisa. Wazazi husema, "Ni Kiingereza tu, atakizoea." Mwaka unapita, na mwingine unapita.

Tena katika Kiswahili kuna maficho mengi. Darasa zima likiimba "ba be bi bo bu" kwa sauti moja, nani atajua aliye kimya ni nani, na anayefuata mdomo wa jirani yake ni nani? Mtoto mwerevu hujificha humo mpaka darasa la tatu au la nne. Hapo ndipo vitabu huanza kuleta maneno marefu ya aina ya "hatutawasahihishia", ambayo huwezi kuyakisia kwa kutazama picha.

Nami najua maficho hayo kwa kuwa nilikuwa nikimsaidia mtu kujificha.

Kakangu amenipita kwa miaka mitatu. Alirudishwa darasa la tatu mara moja, akarudishwa la nne mara mbili, hata mwaka wa 1999 nilipoingia darasa la nne nilimkuta humo, amekaa nyuma kabisa, magoti yamegusa dawati. Jioni alikuwa akiniita nyuma ya nyumba na kuniomba nimsomee ukurasa wa kesho. Nilimsomea mara moja, wakati mwingine mara mbili, basi. Asubuhi mwalimu akimwita, alisimama na kitabu mkononi na kuukariri ukurasa mzima bila ya kukosa hata koma. Nilidhani ananichezea tu. Kama aliweza kukumbuka yote yale, ni vipi hakuweza kusoma?

Siku moja mwalimu alishuku. Kakangu alipokuwa katikati ya kusoma, mwalimu aliinuka polepole, akamfungulia ukurasa mwingine. Kakangu aliendelea kusoma ule wa awali. Darasa lilivunjika kwa kicheko. Nami nilicheka, msomaji, tena nilikuwa miongoni mwa wa kwanza, kwa kuwa sikutaka wenzangu wakumbuke kwamba yule ni wa tumbo moja na mimi. Alichapwa mbele yetu, na habari ilipofika nyumbani, baba akaongeza zake. Baba hakuwa mtu katili. Aliamini lile neno la wahenga kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, naye hakutaka kulia.

Kakangu aliacha shule mwaka wa 2001 akiwa darasa la sita. Ulikuwa mwaka ule ule ambao serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni, lakini kwake yeye marufuku hiyo ilikuwa imechelewa. Aliingia kwenye gereji za jua kali, na leo ni fundi anayetafutwa na watu wa mbali. Huisikiliza injini ikinguruma akakwambia ni kifaa gani kinachougua. Vipuri akivihitaji huvitaja kwa simu, haviandiki. Nilikuwa nikidhani ni kwa sababu mikono yake huwa na grisi.

Mwaka juzi alinipigia simu usiku. Mwanawe, mtoto wa miaka minane, alikuwa ameletwa nyumbani na barua kutoka shuleni. "Dadangu," aliniambia, "huyu kijana ananitia aibu. Nimemchapa leo mpaka mkono umeniuma, na bado hajui kusoma." Kisha akanyamaza muda mrefu hata nikafikiri simu imekatika. Nikamwuliza, wewe wakati ule ulipokuwa ukiambiwa usome, ilikuwaje? Hatukuwa tumewahi kuyazungumza. Akasema, "Herufi nilikuwa nazijua zote, moja moja. Zilikuwa zikikataa kushikana."

Disleksia hufuata damu. Mzazi akiwa nayo, uwezekano wa mtoto wake kuwa nayo huweza kukaribia nusu. Si laana, wala hakuna aliyemroga mwenzake. Ni kama vile urefu au meno ya mbele yaliyoachana yanavyorithiwa. Kwa hivyo swali la kwanza la mzazi linafaa liwe juu ya ukoo: ni nani kwetu aliyeacha shule mapema ilhali kila mtu alijua kuwa ni mwerevu? Ni mjomba yupi ambaye humpa mtu mwingine barua amsomee, akisema amesahau miwani?

Tulimpeleka mtoto kwenye kituo cha kutathmini watoto. Hapa naomba usikilize vizuri, kwa maana nimegundua kuwa wazazi wengi wa mjini hawajui kwamba vituo hivi vipo. Vinajulikana kwa kifupi kama EARC, vilianzishwa mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yake ni kuwapima watoto wenye shida za kujifunza na kuzishauri shule na wazazi. Ukienda kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako na kuuliza kuhusu EARC, utaelekezwa. Vilevile ipo Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoanzishwa mwaka wa 1986 na iliyoko Kasarani, ambayo nayo hutathmini watoto. Usitarajie makubwa mno. Foleni huwapo, na maafisa ni wachache kuliko kazi. Lakini nenda.

Jambo la kwanza waliloliuliza pale lilihusu macho na masikio. Nilifurahi, kwa sababu si kila mtoto asiyesoma ana disleksia. Mtoto ambaye masikio yake hutoa usaha kila mara hasikii vizuri, na asiyesikia "t" na "d" hawezi kuziandika. Mwingine haoni ubao kutoka alipoketi. Mwingine hushikwa na kifafa cha aina ile isiyoangusha mtu, ambapo mtoto huduwaa kwa sekunde chache kisha akarejea, na mwalimu akadhani anaota mchana. Mwingine ana njaa tu. Na mwingine alihamia mjini juzi kutoka kijijini, alikokuwa akisoma lugha ya mama vizuri sana, na sasa Kiingereza kinampiga chenga. Huyu wa mwisho si mlemavu wa kujifunza, ni mwanafunzi wa lugha mpya, na miezi kadhaa ya subira itamfaa. Mwenye disleksia husumbuka katika kila lugha anayofundishwa kuisoma.

Afisa aliyempima mpwa wangu alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alimwambia mtoto aseme "simba". Akasema. Akamwambia, sasa sema "simba" lakini usiseme "si". Mtoto alitazama dari, akatazama vidole vyake, na baada ya muda akasema, "Simb." Akapewa maneno yasiyo na maana ayasome, ya aina ambayo huwezi kuyakumbuka popote kwa sababu hayapo, na hapo maficho yake yote yakaisha. Halafu akapewa mafumbo ya kupanga vipande vya mbao, akayapanga upesi hata afisa akacheka.

Ndipo yule mama akageuka na kuuliza kama kuna mwingine katika jamaa aliyewahi kuwa na shida ya namna hii. Kakangu alinitazama. Kisha akasema, "Ni mimi."

Je, kuna dawa? Hakuna. Hakuna kidonge cha disleksia, na yeyote anayekuuzia matone ya kuongeza akili au miwani ya vioo vya rangi kwa ajili ya tatizo hili anakula pesa zako. Kinachosaidia ni mafunzo, tena ya aina maalum: sauti moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, bila ya kuruka, huku macho, masikio, mdomo na mkono vikifanya kazi pamoja. Njia hii ilianza kujengwa huko Marekani katika miaka ya 1920 na 1930 na daktari Samuel Orton pamoja na mwalimu Anna Gillingham, na mafunzo mengi ya siku hizi yana asili yake humo. Haihitaji mitambo. Sinia ya mchanga au unga yatosha. Mtoto huichora herufi kwa kidole huku akiitamka sauti yake, si jina lake. Vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi husogezwa mezani, viungane, vitengane: s-i-m-b-a. Ondoa "s" uweke "g", utapata nini? Dakika ishirini kila jioni, si saa mbili. Saa mbili ni mateso.

Mpango wa Tusome, ulioanza mwaka wa 2015 katika shule za msingi za umma, ulisisitiza sauti za herufi katika madarasa ya chini, na kwa watoto wengi huo ulikuwa msaada mkubwa. Lakini mwenye disleksia huhitaji kurudiarudia mara nyingi kuliko darasa linavyoweza kumngojea. Wazazi wenye uwezo hutafuta walimu wa kibinafsi waliosomea elimu maalum, na huko Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, ipo Rare Gem Talent School, shule iliyofunguliwa hasa kwa watoto wa aina hii. Wengi wetu uwezo huo hatuna, kwa hivyo kazi kubwa itafanyika pale pale jikoni, na shuleni kwa ushirikiano wa mwalimu wa darasa.

Juu ya mwalimu, nina neno. Usiende shuleni ukiwa umefura. Mwalimu mwenye watoto 60 mbele yake si adui yako, na huenda hata katika chuo cha ualimu alisikia habari hizi kwa juma moja tu. Nenda na karatasi ya EARC mkononi. Mwombe mambo madogo yanayowezekana: mtoto akae mbele, asiitwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake bila ya kutayarishwa, aulizwe baadhi ya maswali kwa mdomo, apunguziwe imla. Makosa ya tahajia yasizamishe insha nzima ikiwa mawazo yake ni mazuri. Mwalimu mmoja aliyekubali haya kwa mpwa wangu aliniambia kwamba mwanzoni alidhani anampendelea, kisha akagundua kuwa ndiye anayejibu maswali ya sayansi kuliko wote.

Lakini wakikataa, ujue pia sheria iko upande wako. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza kumrudisha mtoto darasa, na inalifanya kosa la jinai tendo la kumpiga au kumdhalilisha mwanafunzi. Nayo mitihani ya kitaifa, Baraza la Mitihani, KNEC, lina mipango ya watahiniwa wenye mahitaji maalum, kama vile kuongezewa muda, ila maombi hupitia kwa shule na hutakiwa mapema. Mzazi anayengoja mpaka mwezi wa mtihani huwa amechelewa.

Na umri je? Mtoto wa miaka mitano au sita kuichanganya "b" na "d" si jambo la kukukosesha usingizi. Wengi hufanya hivyo na huacha wenyewe. Mambo ya kuyaangalia ni yale yanayokwenda pamoja na kudumu: alichelewa kusema, hushindwa kukumbuka mfuatano wa siku za juma, hupotoa maneno marefu akiyatamka, haoni raha ya vitanzandimi, kisha afikapo miaka saba au minane kusoma kunagoma ilhali wenzake wamefunguka. Ukiyaona hayo, usingoje "akomae". Mtoto anayeanza kusaidiwa akiwa na miaka saba ana njia fupi zaidi kuliko yule wa miaka kumi na miwili, ambaye mbali na kutojua kusoma amekwisha kuamini kuwa yeye ni mjinga. Imani hiyo ndiyo ngumu kufuta. Kakangu ana zaidi ya miaka 35, ana gereji yake na wafanyakazi wanne, na bado akiulizwa mbele za watu ajaze fomu, mimi huona anavyomeza mate.

Nawe mwanafunzi unayeusoma ukurasa huu, nina jambo nawe. Unamjua aliye darasani mwako. Ni yule ambaye mwalimu akisema "soma wewe", darasa zima huanza kukohoa na kukonyezana. Hukuulizwa umfundishe. Lakini usicheke. Nakwambia mimi niliyecheka.

Mama wa Kayole, haya ndiyo nitakayo ufanye juma hili. Kaa na mwanao mchana ambapo baba hayupo, mkiwa wawili tu, umwombe akusimulie kwa mdomo ile hadithi ya redioni. Msifu. Kisha umwulize kwa upole, kama nilivyomwuliza kakangu, ni nini hutokea anapokitazama kitabu. Usimsahihishe, andika tu anachokwambia, kwa maneno yake. Mpeleke akapimwe macho na masikio katika hospitali iliyo karibu nawe, kisha ofisi ya elimu, na ile karatasi yenye maneno yake uende nayo. Baba yake nenda naye. Wanaume wengi huambiwa habari hizi na wake zao wakakataa, lakini wakiuona mtoto akishindwa kuitoa "si" kwenye "simba", hulainika. Huenda naye akaulizwa lile swali la ukoo.

Mpwa wangu sasa ana miaka kumi. Bado husoma polepole, akiwa na kidole chini ya mstari, na tahajia yake ni vita. Mwezi uliopita alisoma kitabu cha hadithi chenye kurasa 32 kwa siku tisa, akakimaliza. Jioni wao wawili, baba na mwana, huketi na sinia ya unga katikati yao. Kakangu amekuwa akisema yuko pale kumsimamia kijana tu. Shemeji yangu aniambia kwamba mtoto akishalala, sinia hubaki mezani kwa muda mrefu, na asubuhi yake hukuta herufi zilizochorwa kwa kidole kinene.

Jumapili ijayo tutamzungumzia yule ndugu mwingine wa disleksia, anayeshambulia hesabu: mtoto anayesoma vizuri lakini hawezi kukuambia kama 8 ni kubwa kuliko 6 bila ya kuhesabu vidole. Kama unaye nyumbani, niandikie kabla ya Alhamisi.